Dagaa, mawese na moyo: hesabu ya sahani ya Gitaza

GITAZA, Burundi. Jua likiwa bado nyuma ya milima ya Muhuta, mitumbwi iliyokesha ziwani inaingia mwaloni Gitaza, taa zake zimekwisha kuzimwa. Wachuuzi, wengi wao wanawake, wanaipokea na mabeseni, maji yakiwafika magotini. Bei inapangwa hapo hapo, kwa sauti ya juu na kwa haraka, kwa sababu ndagala hasubiri: joto likipanda, ameharibika. Sehemu ya mavuno inapakiwa garini kwenda Bujumbura, sehemu inaanikwa, na kinachobaki, ambacho mara nyingi ni kidogo, kinaingia jikoni mwa wenyeji.

Kwenye Barabara ya Taifa namba 3, inayopita hapa katikati ya mlima na maji, inapita biashara nyingine inayotoka kusini. Ni madumu ya mawese ya Rumonge, kitovu cha michikichi ya Burundi, mengine yamefungwa nyuma ya baiskeli, mengine yamepangwa juu ya magari ya mizigo. Baadhi yanaishia njiani, kwenye vibanda vya kukaangia na katika nyumba ambamo sombe haiitwi sombe mpaka iwe na rangi nyekundu.

Hivyo mchana ukifika, samaki wa ziwa na mafuta ya michikichi hukutana kwenye sahani moja, pembeni ya ugali wa muhogo. Mlo huu ni uleule kuanzia Gitaza hadi Nyanza-Lac, na mtu wa Kigoma au Uvira angeukalia bila kuuliza jina. Kwa wanaochunguza afya ya moyo ni mlo wenye mambo mawili yanayovutana, maana samaki huyu na mafuta haya hayaifanyii kazi moja lehemu iliyomo kwenye damu.

Lehemu, au kolesteroli kama hospitali nyingi zinavyoiita, ina sifa mbaya kupita inavyostahili. Ni kitu mfano wa nta, ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho. Hujenga kuta za chembe hai, hutengenezwa kuwa homoni, na ini huitumia kutengeneza nyongo ya kusagia mafuta ya chakula. Sehemu kubwa ya lehemu hatuili kabisa. Ini lenyewe huitengeneza.

Tatizo liko kwenye usafirishaji. Mafuta na damu havichanganyiki, kwa hiyo lehemu hubebwa ndani ya vifurushi vya protini. Vile vinavyoitwa LDL huisambaza mwilini. Vikizidi, huingia kwenye kuta za mishipa ya damu na kuacha mzigo wao humo, na kwa miaka mingi ukuta huvimba na njia ya damu kuwa nyembamba. HDL husaidia kukusanya mabaki na kuyarudisha kwenye ini. Uvimbe wa ukutani ukipasuka, damu huganda juu yake. Mgando huo ukiziba mshipa wa moyo, mtu hupata mshtuko wa moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, hupata kiharusi. Kazi hiyo yote huendelea kwa miaka ishirini au thelathini bila maumivu, na ndiyo maana mtu mwenye lehemu nyingi anaweza kuwa anavuta wavu kila usiku na kujiona mzima.

Samaki analinda, ufuko haulindi

Kwenye mialo mingi ya maziwa yetu ipo imani kwamba magonjwa ya moyo ni ya mabwana wa mjini wenye vitambi na magari. Mtu wa ziwani, inasemekana, anakula samaki na kufanya kazi, na presha haimjui. Kiharusi kikimwangusha mtu kama huyo, wengi huanza kumtafuta jirani aliyemwendea kwa mganga.

Imani hiyo haikutoka hewani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Italia walifanya kazi Lugalawa, kusini mwa Tanzania, eneo ambalo linafanana na Gitaza kwa jambo moja muhimu: lina watu wa ziwani na watu wa milimani, wenye asili moja na maisha yasiyopishana sana. Walichunguza zaidi ya watu 1,200. Kundi moja liliishi kando ya Ziwa Nyasa na kula samaki kwa wingi, kati ya gramu 300 na 600 kwa siku. La pili liliishi vilimani na kula nafaka, mboga na kunde, bila samaki.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1996 katika jarida la kitabibu la Uingereza, The Lancet. Watu wa ziwani walikuwa na shinikizo la damu la chini zaidi. Wenye presha ya juu walikuwa takriban 3 katika kila 100, wakati vilimani walikuwa karibu 16. Lehemu nayo ilikuwa chini zaidi ziwani, wastani wa milimoli 3.5 kwa lita dhidi ya 4.1. Damu yao ilijaa mafuta ya omega-3, yale ya samaki, ambayo hupunguza mafuta mengine ya damu na kutuliza mishipa.

Mtu wa Gitaza akisikia hayo anaweza kujipongeza. Lakini arudie kusoma kipimo: gramu 300 hadi 600 kwa siku. Hicho ni kilo moja ya samaki kwa watu wawili au watatu, kila siku ya Mungu. Ni kaya ngapi za mwambao wa Rumonge zinazokula hivyo leo? Ndagala na mukeke, ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, wamepanda bei mpaka mvuvi anaona heri auze wote anunue muhogo, maharage na chumvi. Watu wa Lugalawa walilindwa na samaki waliokuwa tumboni. Kuishi karibu na maji peke yake hakumpunguzii mtu lehemu.

Utafiti wa aina hiyo, ni kweli, hauwezi kuthibitisha kwamba samaki peke yake ndiye aliyefanya kazi yote. Hata hivyo watu wa vilimani nao hawakuwa na lehemu ya kutisha, 4.1 ni kiwango ambacho madaktari wa Ulaya wangekifurahia. Kunde na mboga zao ziliwasaidia. Jambo hilo litarudi mbele, kwa sababu kwa mwenye mfuko mwepesi lina faida kuliko habari za samaki.

Mawese mbele ya mizani

Kuyasema vibaya mawese mbele ya mtu wa Rumonge ni kutafuta ugomvi. Mchikichi umesomesha watoto, umejenga nyumba za matofali, na hakuna kinachotupwa: mafuta mekundu ya nyama ya tunda yanakwenda jikoni, ya mise yanakwenda kwenye sabuni, makapi yanawasha moto. Mawese yana utetezi wa haki pia. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na katika nchi zenye watoto wanaokosa vitamini hiyo kijiko cha mawese mabichi ni dawa ya macho. Tena hayana lehemu hata chembe, kwa kuwa lehemu haitoki kwenye mimea.

Utetezi huo wa mwisho ndio unaopotosha. Chupa za mafuta madukani huandikwa kwamba hazina kolesteroli, na ni kweli, lakini swali la maana ni mafuta hayo yanalifanya nini ini. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, ambayo wataalamu huyaita mafuta yaliyoshiba. Ini lina milango ya kuipokea LDL kutoka kwenye damu na kuiondoa. Mafuta yaliyoshiba yakizidi, milango hiyo hupungua, na LDL hubaki ikizunguka. Mtu anaweza asile yai wala nyama mwezi mzima, na lehemu yake ikapanda kwa mafuta ya kupikia.

Mfano ulio wazi zaidi umetoka kwenye kisiwa cha Bahari ya Hindi. Mwaka 1987 serikali ya Mauritius ilibadilisha mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakitumiwa na wananchi wengi. Yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa. Yakawa ya soya. Hakuna aliyelazimishwa kujinyima, watu waliendelea kupika kari zao kama kawaida. Miaka mitano baadaye, mwaka 1992, wastani wa lehemu katika damu ya watu wazima waliopimwa ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 hadi 4.7 kwa lita. Kisiwani zilikuwapo pia kampeni nyingine za afya, lakini watafiti waliona kwamba badiliko la mafuta lilichangia sehemu kubwa ya mshuko huo.

Gitaza haiwezi kuiga Mauritius, na pengine haina haja. Mafuta ya soya au alizeti yanatoka mbali na yana bei yake, wakati mawese yanatoka jirani. Kinachowezekana ni kupima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu yote ya chakula, yaani takriban gramu 22 kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku. Chukua sufuria ya sombe ya watu sita iliyomiminiwa robo lita ya mawese, jambo ambalo mpishi wa hapa hataliona kuwa ufujaji. Kila mmoja atakula takriban gramu 38 za mafuta, na 19 kati yake ni ya aina inayoganda. Mboga moja, ya mlo mmoja, imekaribia kumaliza fungu la siku nzima. Nusu ya kipimo hicho haiondoi ladha wala rangi. Mvuvi anayevuta nyavu usiku kucha anahitaji kalori nyingi zaidi na fungu lake ni kubwa. Mwenye duka anayekaa kwenye stuli tangu asubuhi hana udhuru huo.

Kuna desturi nyingine mbili zinazoyaharibu mawese. Wapo wanaoyachemsha mpaka yawe meupe ili yasinuke wala kupaka rangi chakula. Wekundu ukitoka, karotini imekwenda nao, na kilichobaki ni yale mafuta yanayoganda bila fadhila yake. Na kwenye vibanda vya barabarani mafuta yaliyokaangia samaki jana hukaangia maandazi leo na ndizi kesho, yakiongezewa tu yanapopungua, mpaka yanakuwa meusi na mazito. Mafuta yaliyochomwa mara nyingi namna hiyo hugeuka kuwa kemikali zinazoudhi mishipa. Mbaya kuliko yote ni mafuta ya mimea yaliyogandishwa viwandani kwa hidrojeni, yaliyozoeleka katika baadhi ya siagi za mimea na biskuti: hupandisha LDL na papo hapo kushusha HDL. Mwaka 2018 WHO ilizitaka nchi zote ziyaondoe kwenye vyakula ifikapo 2023, na nchi nyingi bado hazijafanya hivyo.

Ndagala nao wana mitihani yao. Akikaushwa juani na kuchemshwa kwa nyanya na kitunguu, anabaki na uzuri wake, pamoja na madini ya mifupa kwa kuwa huliwa mzima. Akizamishwa kwenye mafuta ya moto hadi akauke kama kuni, hunyonya mafuta ya kikaangio, na sehemu ya yale mazuri aliyotoka nayo ziwani huharibika kwa moto.

Chumvi, miguu na chupa

Lehemu haiendi vitani peke yake. Presha ikiwa juu, damu hupiga kuta za mishipa kwa nguvu na kuzichubua, na LDL hupata pa kuingilia. Kwa mwambao huu adui wa kwanza wa presha ni chumvi. Watu wa hapa wana historia nayo: chumvi ya Uvinza imevuka ziwa hili tangu zama za misafara, na ilikuwa mali hasa. Siku hizi ni rahisi kiasi kwamba hakuna anayeihesabu, ikiwamo kwenye samaki waliotiwa chumvi kabla ya kuanikwa, kwenye vipande vya kuungia mchuzi, na tena mezani. Ushauri wa WHO ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai, kwa jumla ya vyote. Samaki mkavu wa chumvi akilowekwa na maji yake yakamwagwa, chumvi nyingi huondoka bila gharama.

Kuhusu mwendo wa mwili, wakulima wa Muhuta wanaopandisha milima na mzigo wa muhogo hawahitaji kufundishwa mazoezi. WHO inaomba angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Wao humaliza kwa siku moja au mbili. Mwendo husaidia kuinua HDL na kushusha presha. Waliobadilika ni wa barabarani na wa mijini, Rumonge na Bujumbura, waliozoea pikipiki hata kwa safari ya kufika sokoni. Uhaba wa mafuta ya magari wa miaka ya karibuni umewarudisha wengi kwenye miguu yao, ingawa hakuna atakayeusifia kwa hilo.

Sigara ni habari fupi: huchubua mishipa, hushusha HDL, na hakuna kiasi chake kilicho salama. Pombe, iwe urwarwa wa ndizi au bia ya chupa, hupandisha presha na aina nyingine ya mafuta ya damu, na mara nyingi huja na mishikaki ya mbuzi yenye mafuta yanayochuruzika juu ya makaa. Tatizo la mishikaki haliko kwa anayeila siku ya harusi.

Wakati huo huo, ile silaha ya watu wa vilimani wa Lugalawa imelala ghalani kila nyumba ya Burundi. Ni maharage. Yana nyuzinyuzi laini zinazoikamata nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini likikosa nyongo hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi yake ni lehemu, ambayo huivuta kutoka kwenye damu. Maharage, lengalenga, parachichi na karanga zinazochemshwa vinaifanyia LDL kazi ambayo wengine huilipia kwa vidonge. Kwa kaya iliyoshindwa na bei ya ndagala, sahani ya maharage yenye kijiko kimoja cha mafuta ni mbadala wa heshima. Chai ya sukari nyingi na andazi si mbadala, na ndicho kinachoingia nyumba nyingi samaki wanapotoka.

Namba mbili za mtu mmoja

Wapo wanaofanya yote hayo na lehemu yao ikabaki juu, kwa sababu wameirithi. Wapo wembamba kama upondo ambao mishipa yao imeziba. Hakuna njia ya kujua kwa macho. Presha hupimwa kwa dakika chache kwenye zahanati yoyote yenye kifaa. Lehemu inahitaji damu, maabara na fedha, na kwa wengi wa mwambao huu maana yake ni safari ya kwenda Rumonge au Bujumbura. Ndiyo sababu presha isiachwe kupimwa kwa kisingizio kwamba kipimo kingine kimeshindikana, hasa kwa waliofika miaka arobaini, wenye kisukari, au waliofiwa na mzazi kwa kiharusi.

Kwa wakazi wanaovuka mipaka kutafuta matibabu kuna mtego mdogo wa karatasi. Maabara zenye mapokeo ya Kifaransa huandika lehemu kwa gramu kwa lita. Za Tanzania na Kenya kwa kawaida huandika kwa milimoli. Mtu aliyepewa 1.9 Burundi akipima tena Kigoma anaweza kukuta 4.9 na kudhani amekwisha. Ni kiwango kilekile. Mpaka wa jumla unaotajwa zaidi ni gramu 2, sawa na milimoli 5.2, ingawa daktari huangalia kwanza LDL, presha, umri na sigara kabla ya kuamua dawa. Dawa za kushusha lehemu zipo, na simvastatin imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Aliyeandikiwa asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Kujisikia vizuri ndiyo kazi yake.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, iliwahi kugawana kazi za utaalamu wa tiba miongoni mwa nchi wanachama. Tanzania ilipewa magonjwa ya moyo na mishipa, na kituo kikapangwa Mloganzila, Dar es Salaam. Burundi ilipewa sayansi ya lishe. Kwa namna fulani mgawanyo huo unaonyesha ugonjwa wenyewe ulivyo: unamalizikia kwa daktari wa moyo, umbali wa safari ya siku mbili kutoka ziwani, na unaanzia jikoni.

Takwimu za WHO zinaonyesha kwamba magonjwa ya moyo na mishipa yaliua watu milioni 17.9 duniani mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Yule bwana wa mjini mwenye gari na kitambi hayuko peke yake.

Nao samaki hawana uhakika wa kurudi kwa bei ya zamani. Ziwa Tanganyika limepata joto, nyavu zimeongezeka, na nchi nne zinazolizunguka, Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia, zimekuwa zikitafuta namna ya kulipumzisha kupitia Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Mwaka 2024 upande wa Tanzania ulifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kufunga huko kunatetewa kwa hoja nzuri: asiyefunga leo hatakuwa na ndagala wa kumpa mjukuu. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa jiko lililozoea samaki. Mawese hayana msimu wa kufungwa. Dumu la Rumonge hupita Gitaza mwaka mzima, na wiki ambazo ndagala hawaonekani ndizo ambazo mkono wa mpishi huwa mzito zaidi kwenye chupa.